Posti Isiyojibu

Siku Shefu Chikuta, msimamizi wetu wa reli, aliponiambia ninyamaze kwenye laini ya simu, ningeweza kumkatalia. Sikufungwa kamba wala sikuonyeshwa panga. Alikuwa ameketi juu ya kasha la misumari ya reli ndani ya posti yangu, kibanda changu cha reli, anakula karanga, maganda anayatupa kwenye sakafu niliyokuwa nimeifagia, na alizungumza kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri. Treni ilikuwa haijapita tangu asubuhi, na mvua ilikuwa bado haijaanza. Nikasema, "Sawa, Shefu." Mimi ni mzee sasa, lakini hata leo nikiyasikia maneno hayo dukani, mtu akimjibu bosi wake, ninageuka kana kwamba nimeitwa.

Aliyenifanya nichukue kalamu ni Feruzi. Alikuja kwangu hapa Dilala, mjini Kolwezi, baada ya mvua za kwanza, juu ya pikipiki ya teksi, kanzu yake ameikunja magotini isichafuke, akimgombeza dereva kuhusu mashimo kana kwamba ndiye aliyeyachimba. Feruzi ana asili ya Maniema, ni Mwislamu, na kwa miaka mingi amefanya kazi ya malori kati ya hapa na Kasai. Zamani, kabla ya malori, mimi na yeye tulikuwa watunza posti kwenye reli ya kampuni ya migodi. Aliketi, akakubali chai, akaivuta sukari karibu yake kama kawaida. Kisha akasema, "Ngoie, ndugu yangu, minakuletea neno ya buzito. Enjenyeri Kabeya amekufa, kule Mwene-Ditu, mu Kasai." Niliangalia kikombe changu. Nilijua siku hiyo itafika, maana Kabeya alikuwa ametutangulia kwa umri, lakini nilikuwa nimejizoeza kuamini kwamba habari hiyo ingepotea njiani, isinifikie mimi.

Habari za wazazi wangu na kijiji chetu nitaziacha. Mwaka ninaotaka kuuandika ulianza nikiwa kijana mwenye cheti cha shule ya sekondari, ninalinda kibanda cha matofali karibu na Kingamyambo, mahali ambapo reli ya kampuni iligawanyika. Kazi yangu ilikuwa kugeuza njia na kuzungumza kwa simu. Posti zilipangana kutoka mjini mpaka upande wa barabara ya Nzilo, na zote zilitumia waya mmoja wa simu. Zamani, mjini kulikuwa na chumba kikubwa chenye ubao wa taa, na mtu mmoja ndani yake aliona kila treni iko wapi, akaamuru kila posti. Mwaka ule chumba kile kilikufa. Taa ziliungua hazikubadilishwa, nyaya za shaba ziliibwa, mshahara ulikuja ukiwa umechelewa na haukutosha hata unga. Treni zilizobaki zilitembea kama vipofu. Ndipo kampuni ikampa mhandisi wake, Enjenyeri Kabeya, kazi ya kuendesha reli isiyo na kichwa.

Kabeya alizaliwa Kolwezi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na mwaka ule jambo hilo la pili ndilo lililohesabiwa. Alikuwa amesoma Ulaya. Huko, alituambia, kulikuwa na wataalamu walioacha kujenga mashine moja kubwa yenye akili nyingi, wakaanza kujenga mashine ndogo nyingi zenye akili kidogo kidogo, zinazoulizana, zinazogawana kazi, zinazokubaliana bila mkubwa wa kuziamuru. Kila mashine waliiita wakala, na elimu yenyewe waliiita akili iliyogawanywa. Wenzake waliporudi walitafuta ofisi zenye viyoyozi. Yeye alitazama reli yetu iliyovunjika akaona kwamba tayari ana kila kitu: watu kila mmoja kwenye kibanda chake, kila mmoja anaona kipande chake tu, na waya mmoja wa kuongelea. Akatualika nyumbani kwake Jumamosi kwa Jumamosi kujifunza.

Bado naiona sebule ile. Nyumba ilikuwa ya kampuni, ya matofali mekundu, si mbali na hapa ninapokaa, na ndani yake kulikuwa na meza ndefu ya mbao yenye kitambaa cha plastiki cha maua, saa ya ukutani iliyosimama, na harufu ya makayabo, samaki wa chumvi, yanayochemka jikoni. Mkewe, Mama Ngalula, alikuwa mwanamke mpana, mcheshi, mwenye pumu. Ukimsikia anapumua mlangoni ulijua hali ya hewa ya kesho. Alitugawia vikombe, kila mtu chake, na ndani ya kila kikombe Kabeya aliweka maharagwe bila wengine kuona. Kanuni ilikuwa hii: huruhusiwi kutazama kikombe cha mwenzako, unaongea na jirani zako wawili tu, na meza nzima lazima ifanikiwe kujaza kikombe cha mwisho. "Mutu mwenye kazi atangaze kazi," Kabeya alisema, akizunguka nyuma yetu. "Mwenye kuweza aseme: mi naweza, niko na hiki. Mwenye kazi achague. Aliyechaguliwa afanye, na akimaliza aseme amemaliza. Njo ile tu. Mashine zao kule Ulaya hazina siri ingine."

Mara ya kwanza Feruzi alisema ana maharagwe mengi kuliko aliyokuwa nayo, ili achaguliwe, na meza nzima ikakwama. Kabeya alicheka mpaka akavua miwani. "Feruzi! Weye ni mufanya biashara. Kwa meza yangu unauza maneno, kwa reli utaua batu!" Feruzi akajibu, "Tata Enjenyeri, sasa kama sina kitu mi nitapataje bateja?" Na Mama Ngalula akapaza sauti kutoka jikoni, "Mukimaliza kucheza na maharagwe yangu, murudishe yote. Njo chakula ya kesho." Kisha alileta bidia, ugali wa Kasai uliochanganywa mahindi na mihogo, pamoja na sombe, yaani kisamvu, na sisi vijana wa Katanga tukaanza utani wetu, kwamba ile si bukari, ugali wetu, ni gundi ya kubandikia viatu. "Kuleni gundi," alisema. "Pengine mutabakia mu kazi." Tulikula mpaka tukafungua mikanda.

Katika mafunzo yote lipo swali moja nililouliza mimi. Niliuliza, "Na kama posti haijibu?" Nilitaka tu kuonekana mwerevu. Kabeya aliketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Alisema hilo ndilo swali lililowasumbua wenye mashine kuliko mengine yote. "Anayekataa, amejibu. Unaweza kuendelea na mwingine. Lakini asiyejibu, haujui. Pengine amekufa. Pengine betri imekwisha. Pengine anafika, anachelewa tu. Kwa simu, bote hao wanafanana." Akanyoosha kidole kwangu, si kwa ukali. "Basi sisi hatutamuhukumu. Tutamuita tena. Akinyamaza, tutaenda kumuangalia na miguu." Hiyo ikawa sheria yetu. Posti ikinyamaza, mtu alitumwa na betri. Na mara zote ilikuwa kweli betri, au waya uliokatwa na wezi, au mtu aliyelala kwa njaa. Hakuna aliyewahi kunyamaza kwa kusudi. Wazo hilo halikuwepo katika laini yetu.

Reli ikatembea. Sijui niielezeje furaha ile kwa watu wa leo, ambao simu zao zinaongea na kila mtu. Ulikuwa unakaa peke yako kwenye kibanda, huoni chochote ila nyasi na rundo la udongo wa kijivu wa Kingamyambo, halafu unasikia sauti: "Nani iko na injini?" "Mi niko nayo, lakini breki yake imekwisha." "Mi niko na breki." Na baada ya muda treni nzima inatokea mbele yako, imeundwa na sauti za watu ambao hakuna hata mmoja aliyejua mpango wote. Nilianza kujiona mtu mkubwa. Kabeya aliniambia atanitafutia nafasi ya kusoma, kwamba nina kichwa cha kazi ile. Nilimwamini, lakini nilitaka haraka kuliko alivyoweza.

Mjini mambo yalikuwa yanaharibika. Vijana wa chama cha siasa cha Katanga walipita mitaani wakiimba kwamba Katanga ni ya wenyeji, na watu wenye asili ya Kasai wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Kwanza tuliona ni maneno ya walevi. Kisha majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakaacha kusalimiana. Kisha nyumba zikaanza kuwekwa alama, wenyewe wakafukuzwa, na familia zikabeba magodoro mpaka stesheni kungoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Treni hazikuja, au zilikuja zimejaa. Watu wakalala nje, pembeni ya reli, na majira ya mvua yalikuwa yameingia. Jumamosi moja niliwahi kufika kwa Kabeya, nikasimama mlangoni, ambako alama ilikuwa imekwisha chorwa, nikiwasikia jikoni. Mama Ngalula alikuwa akisema, "Mi nimezaliwa hapa, mu hospitali ya hapa. Nitarudi wapi?" Mumewe akajibu polepole, "Tutangoja. Ukiwa na paa juu ya kichwa, utangoja bila shida. Nitakutafutia paa." Nilikohoa, nikaingia. Siku hiyo hakukuwa na maharagwe mezani. Alitufundisha kwa mawe.

Paa alilolifikiria lilikuwa kwangu. Kwenye reli ya pembeni ya posti yangu lilisimama behewa lililofunikwa, lililokuwa likibebea saruji, lenye mlango mzuri na sakafu kavu. Katika laini nzima lilikuwa limebaki hilo moja. Mpango wa Kabeya ulikuwa kulisogeza mpaka stesheni, gare kama tulivyoiita, kuwaweka ndani wazee na wagonjwa, na mkewe pamoja nao, wangoje humo, halafu behewa lifungwe kwenye treni ya Kasai itakapofika. Alitaka kulitafuta kwa njia yetu ya kawaida, kwa kutangaza, mbele ya wote. Hakutaka kuiba, wala kuomba kwa siri.

Chikuta alijua. Alikuwa msimamizi wetu mpya, mtu wa chama, na alikuja siku moja kabla ya tangazo. "Kesho Kabeya ataita wago," alisema, yaani behewa. "Weye unyamaze." Nikauliza kwa nini nisiseme tu kwamba haipo. Akacheka, mdomo umejaa karanga. "Ukisema hapana, batauliza kwa nini, batafika kwa wakubwa. Ukinyamaza, hakuna mutu aliyekataa. Unaelewa, mwanafunzi?" Kisha akasema kwamba kiti cha Kabeya mjini kitabaki wazi, na kwamba kampuni inatafuta kijana wa hapa hapa, aliyesoma, anayejua ile michezo ya maharagwe. Akaongeza kwamba watu wameona ni kwa nani ninakula Jumamosi. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikubali kwa sababu ya hayo maneno ya mwisho, kwa woga. Si kweli. Woga ulikuwepo, lakini nilikuwa nimekwisha kubali aliposema kiti.

Kesho yake mchana simu ikalia. "Posti zote, hapa Kabeya. Minatafuta wago yenye paa, ya kungojea bagonjwa mu gare. Nani iko nayo?" Feruzi alijibu kwanza. Alikuwa na behewa wazi, lakini lenye turubai. "Si muzuri sana, Tata Enjenyeri, lakini turubai haijatoboka." Kabeya akamshukuru. "Ngoja kidogo. Ngoie iko na ile ya saruji, ni muzuri zaidi. Ngoie? Ngoie, unanisikia?" Nilikuwa nimeshika simu sikioni. Niliizuia pumzi yangu isisikike. "Ngoie, mutoto, jibu." Feruzi akasema, "Betri yake ilikuwa inachoka tangu juzi." Mimi mwenyewe nilikuwa nimelalamika, ingawa ilikuwa bado inafanya kazi. Nikasikia Kabeya akisema, "Basi minamupelekea betri. Pengine bamemupiga pia, yuko peke yake kule. Feruzi, tungojee." Nikaiweka simu chini taratibu kama yai.

Mvua ilianza. Baadaye nilimwona dirishani, mbali, anasukuma baiskeli kando ya reli, betri imefungwa nyuma. Alikuwa na kipande kimoja cha plastiki, na alikuwa amekifunika juu ya betri. Yeye mwenyewe alikuwa ameloa kama nguo mtoni. Hapo nilikuwa bado na nafasi. Ningeweza kutoka nje, nikasema, Tata, nilikusikia, chukua behewa. Badala yake nilichukua bisibisi, nikaifungua skrubu ya waya wa simu, nikauchomoa waya ili uonekane umelegea.

Aliingia akinitazama uso kwanza, mikono, kichwa. "Uko muzima? Nilifikiri bamekuumiza." Nilisema laini imekufa tu. Alipiga magoti, akapima betri yangu ya zamani, akaiacha. Akauona waya. Aliushika kwa vidole viwili, akaitazama skrubu, ambayo nilikuwa nimeiweka juu ya meza, si chini ambako ingeanguka. Akaufunga tena, akainua simu. "Feruzi, posti ya Ngoie inasikia sasa." Sauti ya Feruzi ikarudi ina haraka. "Tata Enjenyeri, bamapadri walikuja na bagonjwa bao, ulikuwa umesema tungojee ya Ngoie, basi nimebapatia ile yangu. Imeshaenda." Kabeya akasema, "Umefanya vizuri." Kisha akaangalia nje, behewa lilipokuwa, mlango wazi, tupu, mvua ikiteleza juu ya paa lake. "Na ile?" Nikasema, "Shefu ameichukua kwa kazi." "Kazi gani?" "Sijui, Tata." Akaitikia kwa kichwa mara chache, kama mtu anayekubali hesabu. Betri mpya aliiacha. "Ubaki nayo," alisema. "Ya kwako itachoka siku moja."

Nilikwenda stesheni mara moja tu, kwa sababu kutokwenda kungenifichua. Mama Ngalula alikuwa ameketi juu ya sanduku, mwavuli umefungwa kwenye nguzo juu yake, mbabula, jiko la makaa, miguuni, na kifua chake nilikisikia kabla sijamfikia. Watu walikuwa wengi, matope yamechanganyika na majivu. Aliponiona alisogea kunipa nafasi kwenye sanduku. "Ngoie, kuya kula gundi yako." Akanikatia bidia kwa mkono, akaniwekea kipande cha makayabo kilichobaki. Kisha akaniuliza, bila fumbo lolote, maana mumewe hakuwa amemwambia neno, "Betri yako imepona?" Nikasema imepona, Mama. Nikala chakula chote mbele yake, kwa sababu kukiacha kungemtukana.

Habari ya kifo chake ilikuja kwenye laini. Kwa kanuni yetu, neno la kila mtu lilipita posti kwa posti, na kila posti ilipaswa kulisema tena kwa jirani ili lisipotee. Mtu wa mjini aliniita. "Mama Ngalula, bibi ya Enjenyeri, amekufa asubuhi mu gare. Kifua. Peleka mbele." Nilikuwa peke yangu na betri mbili. Nikasema, "Nimepokea. Minapeleka." Nikamwita Feruzi, nikamwambia, na nikamsikia akilia upande wa pili bila kuondoa simu mdomoni. Behewa la saruji lilibaki mbele ya dirisha langu mpaka majani yakaota kwenye magurudumu. Chikuta hakuwa na kazi nalo. Kabeya alimzika mkewe hapa, kisha akaondoka na treni iliyofuata.

Kiti nilikipata. Nilikaa katika kile chumba cha mjini, nikatangaza kazi kama alivyotufundisha, na posti zikajibu, kwa sababu zilikuwa bado zinaamini. Mimi ndiye sikuamini. Kila posti iliponyamaza, sikutuma betri. Nilituma mtu wa kuchunguza nani anadanganya. Watu wakaona, wakaanza nao kuficha walicho nacho. Haikupita muda mrefu reli ikasimama kabisa. Walisema ni upungufu wa vipuri.

Sasa nirudi kwa Feruzi na chai yake. Alikuwa amemtembelea Kabeya kila malori yalipomfikisha Mwene-Ditu, na miaka yote Kabeya alimwambia vilevile: posti ya Ngoie iliharibika siku ile, betri, bahati mbaya. "Akakusemea muzuri kila mara," Feruzi alisema. "Lakini siku za mwisho alinipa neno ya kukuletea. Mi sikuielewa. Alisema: umuambie Ngoie, ile betri yake ya zamani ilikuwa nzima, na sikumwambia mutu." Akanitazama kwa uso wake mwema, kijiko mkononi. "Inamaanisha nini?"

Ningeweza kusema sijui. Angeamini. Nilimweleza yote, karanga, kiti, bisibisi, mpaka ile skrubu juu ya meza. Mwishoni aliuliza swali moja tu. "Wago ilikuwa tupu?" Nikasema ilikuwa tupu. "Na mi nilitoa ile yangu juu ya kukungojea weye." Aliweka kijiko mezani, akaikunjua kanzu, akatoka. Nilimsikia akimwita dereva wa pikipiki, bila kumgombeza safari hii.

Nimempigia simu tangu siku hiyo. Inalia mpaka mwisho, haipokelewi. Sidhani kama ni betri. Watu wanasema wakati ule kila mtu alipotezewa kitu na wengine. Mimi sikupotezewa. Kwa kiti nilichokalia muda mfupi, nilitoa uhai wa Mama Ngalula, aliyenilisha; nilimtoa mwalimu aliyeloa mvua akidhani nimeumizwa; na sasa, katika uzee wangu, nimemtoa Feruzi, rafiki wa mwisho aliyekuwa akijibu nikiita.